Klara na Weupe wa Kioo

Geti la nyumbani kwangu Kizota lilichorwa na Klara Wilbert. Lina maua ambayo sijayaona kwingine. Shina linaanza vizuri, chuma kimepinda kwa upole, halafu huku juu kila kitu kinalegea na kutawanyika kama moshi wa jikoni. Siku niliyokwenda kulichukua karakanani kwao nilimuuliza ni maua gani hayo.

"Si maua, kaka," akasema. "Ni mtama. Mtama ukiutazama kwa mbali."

Nilidhani ananitania. Baadaye tulizoeana, nikawa napita pale karakana hata nisipokuwa na shida ya chuma, na kidogo kidogo nikayajua haya ninayoyasimulia.

Klara ni Msandawe wa upande wa Farkwa, wilayani Chemba. Baba yake, marehemu Wilbert, alikuwa mlina asali. Mama yake, Rose, alilima mtama na uwele. Maji waliyachimba mchangani, kwenye mkondo wa mto uliokauka, na nzi walikuwa wengi kuliko mvua. Ugonjwa wa vikope ukaingia nyumbani mwao taratibu, pasipo mtu kujua umefika lini. Kope za mtoto zilianza kupinda kuelekea ndani na kukwaruza jicho. Asubuhi Rose alikuwa akimlaza binti yake mapajani, anamng'oa kope kwa kibano, moja moja, huku akimwimbia kwa lugha yao ile yenye milio ya ulimi. Klara anasema maumivu hayakumbuki. Anachokumbuka ni uso wa mama, karibu mno, mkubwa kama kilima, ukielea juu yake.

Madaktari wakaja kijijini, wakawafanyia upasuaji mama na mtoto. Kope zikanyooka, lakini makovu yalikwisha kubaki kwenye macho. Ya Klara yalikuwa membamba. Ya Rose yalikuwa mazito, na kadiri miaka ilivyokwenda yalizidi kuwa mazito.

Watu hudhani asiyeona vizuri anaishi gizani. Klara hakuishi gizani. Adui yake alikuwa weupe. Jua la kiangazi lilipopiga ile ardhi ya Chemba, miti iliyeyuka, mbuzi waliyeyuka, watu waliokuja njiani walikuwa vipande vya mng'ao vinavyotembea. Wingu likipita, dunia inarudi: udongo mwekundu unarudi, kijani cha mikwaju kinarudi, watu wanapata nyuso. Utotoni aliamini kwamba watu wote huona hivyo, kwamba vitu huondoka na kurejea kufuatana na mawingu. Shuleni, ubao mweusi wenye chaki nyeupe ulikuwa rahisi kwake. Karatasi nyeupe ndiyo iliyomtoa machozi. Akamaliza kidato cha nne hivyohivyo, akiwa ameligeuzia dirisha mgongo.

Alikuja Kizota kwa mama yake mdogo, Emilia, aliyekuwa akiwapikia mafundi chakula cha mchana. Kazi ya Klara ilikuwa kupeleka sahani na kuzirudisha. Akisubiri mafundi wamalize kula, alikuwa akichora kwa chaki juu ya mabati meusi yaliyoegemezwa ukutani. Siku moja Mzee Mazengo, mwenye karakana ya mageti, akasimama mbele ya bati mojawapo.

"Nani amechora hapa?"

"Mimi, mzee. Shikamoo. Nitafuta."

"Marahaba. Usifute."

Akalilaza bati hilo mezani, akalikata kwa kufuata chaki. Mchoro ule ukawa geti la kwanza la Klara, na tangu hapo hakubeba tena sahani.

Miaka kadhaa ikapita, ikaja mashine ya kukata chuma inayoongozwa na kompyuta. Michoro sasa ilitakiwa ichorwe kwenye kioo cha kompyuta, na kioo kile kilikuwa cheupe kama saa sita mchana. Klara alikaa mbele yake akilia machozi yasiyo ya huzuni. Mzee Mazengo akamwita Gaudence, fundi wa kompyuta aliyekuwa na kibanda jirani, mtu mpole aliyependa kurekebisha mashine ambazo wengine wamezitupa. Kompyuta ile ya karakana aliiunda yeye kutokana na mabaki, akaiwekea Linux, mfumo huria ambao hauna mwenyewe mmoja.

"Kinachokuumiza ni nini, dada Klara?"

"Weupe."

Gaudence akatafuta kiprogramu kidogo, akabonyeza. Kioo kizima kikageuka: nyeupe ikawa nyeusi, herufi nyeusi zikawa nyeupe. Klara aliweka mikono juu ya meza, akakaa kama mtu aliyetoka juani akaingia kwenye kivuli cha nyumba ya udongo. Emilia aliyekuja na chai alimkuta bado amekaa hivyo.

Kivuli kile kilikuwa na kasoro moja. Picha za watu ziligeuka pia. Wateja walipoleta picha za nyumba zao, wakiwa wamesimama mbele ya mageti ya zamani, nyuso zao zilionekana za buluu, na midomo iliyofifia, kama watu waliotoka chini ya maji. Klara aliwazoea. Kwa miaka mingi, anasema, kompyuta yake ilikuwa nchi ya mizimu wapole, na yeye alipita kati yao akichora mtama.

Kisha Gaudence akasasisha mfumo. Alifanya hivyo kwa nia njema kabisa, na asubuhi yake Klara alipowasha mashine, mchana ule wa zamani ukampiga usoni. Alibonyeza alipozoea kubonyeza. Hakuna kilichogeuka.

Gaudence alikuja, akahangaika, mwishowe akavuta kiti akaketi.

"Kati ya programu na kioo kuna msimamizi," akaeleza. "Kila programu inachora picha yake pembeni, inamkabidhi. Yeye ndiye anayezipanga: hii ikae mbele, hii nyuma, hii ifichwe nusu. Msimamizi wa zamani alikuwa anaacha mlango wazi. Programu yoyote iliweza kuingia ikagusa picha za wenzake. Ndiyo maana kile kiprogramu chako kiliweza kugeuza rangi zote. Huyu mpya amefunga mlango."

"Amefunga kwa nini?"

"Kwa sababu ya wezi. Programu mbaya ingeweza kukaa kimya ikichungulia unachoandika kwenye nyingine."

Klara akafikiri. "Basi ana haki ya kufunga. Lakini anipunguzie weupe yeye mwenyewe."

"Hajui. Hajafundishwa."

"Anafundishwa na nani?"

"Na watu tu. Wako huku na huko duniani. Msimbo wake, yaani maandishi yanayomwongoza, uko wazi, anayetaka anausoma, anayeweza anaubadilisha."

Gaudence alimrudishia msimamizi wa zamani ili kazi isisimame, lakini alimweleza ukweli kwamba wanaomtunza wanapungua mwaka hadi mwaka, na iko siku hatapatikana. Klara akaendelea na kazi. Neno moja tu lilibaki likizunguka kichwani mwake: watu. Alikuwa amedhani kompyuta hutoka mahali kama mvua inavyotoka. Hakuwa amewaza kwamba mahali fulani kuna mtu ameketi, akaamua mlango ufungwe, na kwamba mtu huyo anaweza kupigiwa hodi.

Akapiga hodi, kwa kuwaandikia mtandaoni. Gaudence alimsaidia Kiingereza. Aliyejibu alikuwa mmoja wa watunzaji wa mradi wa yule msimamizi mpya, mwanamume wa nchi ya baridi ambaye Klara hajawahi kukutana naye hadi leo. Hakumpuuza. Alisema wengine pia wamewahi kuomba jambo hilo, ila miongoni mwao hakuna mwenye macho ya namna hiyo, kwa hiyo hawajui lililo sahihi ni lipi. "Tueleze unavyoona," akaandika. "Kisha, ukiweza, jaribu mwenyewe. Tutasoma pamoja nawe."

Hivyo ndivyo Klara alivyoanza kujifunza. Baada ya kazi, jua likiwa limelegea, alikaa na Gaudence kwenye baraza la kibanda. Alijifunza kwamba kioo ni shamba la nukta, mamilioni, na kwamba kwenye chipu ya picha, kile kijipande cha mashine kinachochora kioo, kinaweza kupandwa kipande kifupi cha msimbo ambacho kila nukta hukiuliza swali lilelile kwa wakati uleule: niwe rangi gani? Jambo hilo lilimshika. Alikuwa akitembea kurudi nyumbani kwa Emilia, vumbi la Kizota likiwa limeinuka rangi ya dhahabu barabarani, na alihisi kila punje ya vumbi inamuuliza: niwe rangi gani? Alikosea mara nyingi. Kioo kilikuwa cheusi tii, au chekundu chote, au kilizimika. Mtunzaji wa nchi ya baridi alisahihisha, akauliza, akasahihisha tena. Wakati mwingine alikuwa mkali kidogo, na Klara aliona raha, kwa sababu mtu humkaripia yule anayetarajia atafika.

Kugeuza rangi zote alikuwa ameshaweza. Mtunzaji alikuwa tayari kuupokea msimbo huo. Klara ndiye aliyekataa.

"Inafanya kazi," Gaudence alimwambia. "Kwa nini usiipeleke?"

"Inawageuza watu kuwa mizimu."

"Si umewazoea?"

"Nimewazoea. Lakini wingu halifanyi hivyo." Akaonyesha juu, ambako hakukuwa na wingu lolote, ilikuwa Agosti. "Nilipokuwa mdogo, wingu likipita, weupe unaondoka, lakini udongo unabaki mwekundu. Mtu anabaki mtu. Nataka wingu."

Walilifikiria wingu hilo kwa miezi. Jibu lilipokuja lilikuwa fupi. Nukta ikiuliza, kwanza itazamwe kama ina rangi. Kama haina, yaani ni nyeupe, nyeusi au kijivu, igeuzwe. Kama ina rangi, iachwe ilivyo. Na zile za katikati zigeuzwe nusu, robo, kidogo tu. Klara akaandika, akawasha. Karatasi nyeupe kwenye kioo ikawa giza, herufi zikang'aa, na kwenye picha ya mteja mmoja, mama wa makamo aliyesimama mbele ya ukuta mweupe, ukuta ukazama, ila uso wake wa kahawia ukabaki, mtulivu, ukiwa na joto lake lote. Klara alimtazama mama yule asiyemjua kwa muda mrefu. Alikuwa mtu wa kwanza kumwona kwenye kompyuta akiwa mzima.

Kwenye laptopu ya Gaudence ilikwenda vizuri. Kwenye kompyuta ya karakana, yenye chipu kuukuu, mistari ilitokea kioo kizima, ikitetemeka kama joto juu ya lami. Klara aliifunika kwa kiganja, akasubiri macho yatulie. Mistari haikuondoka. Akamwita Mzee Mazengo.

"Mzee, naomba utazame hapa. Unaona nini?"

"Naona mistari."

"Ya rangi gani?"

"Zambarau."

Klara akacheka, na mzee hakuelewa kinachochekesha. Maisha yake yote, kitu kikiharibika mbele yake, alijiuliza kwanza kama kimeharibika ndani ya jicho lake. Safari hii kilikuwa kimeharibika nje, na mtu mwingine alikiona.

Gaudence alisema kosa liko kwenye draiva, ile programu inayozungumza na chipu ya picha kwa lugha yake. Nayo ilikuwa huria, na ilikuwa na mlezi wake, mwanamke wa nchi nyingine tena, aliyekuwa akiitunza draiva ya chipu hizo za zamani kwa sababu tu hakutaka zife. Alimwomba Klara ajaribu hiki, kisha kile, apige picha ya kioo, atume. Mvua za Desemba zikaanza na kukatika, walikuwa bado wanatafuta. Siku mistari ilipotoweka, mwanamke yule aliandika kwamba chipu ya aina hiyo yeye mwenyewe hakuwa nayo tena, na kwamba kwa majuma yote yale macho aliyoyatumia yalikuwa ya Klara. Gaudence alimsomea mara mbili.

Ikabaki kasoro moja. Nywele nyeusi hazina rangi, kwa hiyo ziligeuka nyeupe. Kijana kwenye picha alikuwa na uso wa kijana na kichwa cha mzee. Mtunzaji alilisema jambo hilo, wakalijadili, wakaona msimbo hauwezi kutofautisha nywele na herufi. Wakaamua kuliacha. Kazi ya Klara ikapokelewa, ikachanganywa na kazi za wengine, na katika toleo lililofuata ikaenda popote mfumo ule unapokwenda. Pale karakana hakukuwa na sherehe. Mzee Mazengo alimwuliza kama geti la kanisa limekwisha, naye akasema bado jani moja.

Baada ya mavuno alikwenda kwao. Alipanda basi mpaka Chemba, kisha bodaboda, laptopu ya Gaudence ikiwa imefungwa ndani ya kanga mgongoni. Alitaka tu kumwonyesha mama yake kilichokuwa kikimchelewesha kuja. Rose alikuwa ameketi ndani, kwenye kivuli, nywele zake bado nyeusi, akichambua mbegu za maboga kwa vidole. Macho yake yalikuwa yamefikia pale ambapo mchana na usiku hutofautiana, na mengine karibu yote ni maziwa, hasa kwenye mwanga mkali. Alimtambua binti yake kwa hatua zake.

Wakasalimiana, wakala, wakazungumza habari za watu. Kisha Klara akafungua laptopu juu ya kinu kilichogeuzwa, akawasha kamera, akaiweka ile kazi yake, na akakuza picha mpaka uso wake mwenyewe ukajaa kioo kizima. Nyuma yake mlango ulikuwa wazi na jua limejaa uani. Kwenye kioo mlango ukawa giza laini.

"Sogea, mama. Weka uso karibu. Karibu zaidi."

Rose akasogea hadi pua ikakaribia kugusa kioo. Kuku waliingia, wakatoka.

"Mama," Rose akasema.

Klara aliitika, kwa sababu wazazi kule humwita binti hivyo. Lakini Rose hakuwa akimwita yeye. Alikuwa amenyoosha mkono, anagusa kioo pembezoni, pale nywele zilipokuwa, nyeupe kama pamba.

"Mama, umekaa wapi muda wote huu?"

Hapo ndipo Klara alipoelewa. Bibi yake, mama wa Rose, alifariki Klara akiwa bado ananyonya. Hakuukumbuka uso wake, na picha yake haikupigwa kamwe. Aliogopa kuzungumza, akaogopa kunyamaza. Mwishowe akasema kwa sauti ndogo, "Ni mimi, mama. Ni Klara. Nywele ndizo zimegeuzwa na mashine."

"Najua ni wewe," Rose akasema bila kuondoa uso. "Pumzi yako naisikia hapa. Lakini yeye yuko hapa pia. Paji hili ni lake. Na hapa mdomoni, anapotaka kucheka akajizuia."

"Alikuwa hivi?"

"Alikuwa hivihivi."

Klara akasogea, shavu lake likagusa shavu la mama yake, wakatazama pamoja. Kwenye picha iliyokuzwa kulikuwa na nyuso mbili sasa, zote za kahawia, zote zenye vichwa vyeupe, zikielea juu ya giza bila umri wowote. Anasema hakujua tena nani ni mama wa nani. Rose alianza kusimulia, kwa Kisandawe, jinsi bibi alivyokuwa akitafuta mizizi baada ya mvua ya kwanza, jinsi alivyokataa kuogopa fisi, jinsi alivyowahi kugombana na mumewe kwa sababu ya ngoma akaondoka akicheza. Mambo ambayo Klara hakuwahi kuyasikia. Alisimulia akitazama, kana kwamba anayasoma pale usoni. Kisha macho yake yakaanza kutiririka maji, kwa uchovu au kwa lingine.

"Ifunge sasa," akasema. "Imetosha."

Klara akaifunga. Rose akarudi kwenye mbegu zake.

Mwaka uliofuata kuna mtu, sijui wa nchi gani, alileta kwenye mradi njia bora ya kutambua mahali penye picha, ili nywele nyeusi zibaki nyeusi. Wakati huo Klara alikuwa amekwisha kuwa miongoni mwa wanaosoma kazi za wenzao kabla hazijapokelewa, na kazi hii ilimwangukia yeye. Aliisoma vizuri. Ilikuwa sahihi, na ilikuwa na faida kwa watu wengi waliokuwa wamechoka kuzeeka kwenye picha. Akaikubali. Ila aliomba ile namna ya kwanza isifutwe, ibaki kama chaguo kwa atakayeitaka.

Mtunzaji wa nchi ya baridi akauliza kama kuna anayeitumia.

"Yupo mmoja," Klara akajibu. Hawakumwuliza zaidi, nayo ikabaki.

Rose sasa anaishi Kizota na binti yake. Jirani zao ni Wagogo, na Kiswahili chake, alichojifunza ukubwani, kinazidi kulainika kila wiki. Mchana analetwa karakana, anawekewa kiti upande usiofikiwa na cheche, na anawalalamikia mafundi kwamba grenda zao zina kelele. Mzee Mazengo humwamkia kwa Kisandawe cha maneno mawili alichofundishwa na Klara, na kila mara anakosea mlio wa ulimi, naye Rose kila mara humsahihisha. Nilipopita juzi nilimkuta Klara kwenye kompyuta, kioo kikiwa na giza lake, akichora geti la mtu wa Kondoa. Nilimuuliza safari hii ni kitu gani. Akasema bado hajajua, anasubiri kijitokeze.